Jengo la baba na kilichokuwa chini ya zege

Mnunuzi wa kwanza alikuwa ameshakubali bei. Tulikuwa tumeshapeana mikono, dada yangu ameanza kupigia hesabu fungu lake, mimi nimeanza kuota. Kisha benki ikamwambia haitoi mkopo mpaka udongo upimwe, kwa kuwa jengo lilikuwa drai klina kwa miaka 26. Nilicheka. Nikamwambia dada, "Waache wapime, baba alikuwa msafi kuliko hospitali." Wiki 3 baadaye mnunuzi akawa hapokei simu zangu.

Hayo ni ya miaka 7 iliyopita. Tangu siku ile nimejifunza mambo ambayo sikuwahi kutamani kuyajua, na mengi nimejifunza kwa kukosea kwanza. Kama umerithi jengo la namna hii, au unalitazama kwa macho ya kulinunua, soma kabla hujagusa koleo.

Tuanze na hilo neno "drai". Watu hudhani nguo husafishwa kavu kweli. Hapana, zinalowa chapa, ila si kwa maji. Tangu katikati ya karne iliyopita dawa iliyotumika zaidi ilikuwa tetrakloroethilini, ambayo wenye kazi huiita perki. Baba aliipenda kwa sababu haishiki moto, inang'oa mafuta, na suti haisinyai. Kile ambacho baba hakukijua, wala mimi, ni kwamba lita moja ya perki ina uzito wa kilo 1.6 hivi. Petroli ikimwagika hushuka hadi kwenye maji ya chini ya ardhi na kuelea juu yake. Perki huyapita maji hayo na kuendelea kuzama mpaka ikutane na tabaka la udongo wa mfinyanzi. Hapo hutulia kwenye vibonde na kuyeyuka kidogo kidogo, miongo kwa miongo.

Na haihitaji kuwa nyingi. Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 5 kwa lita ya maji ya kunywa. Umoja wa Ulaya umeweka 10, tena ukijumlisha na ndugu yake trikloroethilini. Usiku mmoja nilikaa na kikokotoo: lita moja tu ya perki, ikiyeyuka yote, inatosha kufikisha maji zaidi ya lita milioni 300 kwenye kile kikomo cha Marekani. Baba alikuwa akiinunua kwa mapipa.

Kosa la kwanza nililifanya kwa hasira. Ripoti ya yule mnunuzi ilisema mashimo 2 kati ya 3 yamekutwa na perki. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikaifunga. Nikajiambia: kama udongo ni mchafu, si uchimbwe utupwe? Nikakodi mashine ya kuchimba, tukavunja zege pale mashine ya kufulia ilipokuwa imesimama, tukashuka kama meta 2. Ilikuja harufu tamu tamu, nikajua tumelipata. Udongo tukaurundika uani. Usiku ikanyesha mvua.

Asubuhi nikaanza kupiga simu kutafuta pa kuutupa. Hakuna jalala lililoukubali. Kila mmoja aliniuliza cheti cha maabara, na kilipopatikana kikasema hizo ni taka hatarishi. Maana yake zinapokelewa mahali maalumu, kwa gari maalumu, kwa bei maalumu, na kwenye fomu jina la mzalishaji wa taka ni letu, mimi na dada. Lile rundo lilikaa chini ya turubai miezi 5. Na wakati huo wote shimo lilikuwa wazi. Zege niliyoivunja, pamoja na nyufa zake, ndiyo iliyokuwa ikiizuia mvua isiisukume perki chini. Nilikuwa nimefunua chungu.

Lakini hayo yote ningeyameza kama tungekuwa tumechimba mahali penyewe.

Mjiolojia wa pili niliyemwajiri (wa kwanza alikuwa wa bei nafuu, na ripoti yake ilikuwa nafuu vilevile) alikuja na daftari tu. Alizunguka jengo, akatazama shimo langu bila kusema neno, kisha akauliza, "Kaka, aliyekuwa akiendesha mashine ni nani, na bado yuko hai?" Nikashangaa. Nilitegemea aulize bajeti.

Yuko hai. Alifanya kazi na baba karibu miaka 20. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, na nilipotaja perki akainua viganja. "Tulikuwa tunanawia hii, mwanangu. Ukipata rangi mikononi unachovya, inatoka palepale." Kisha akaanza kueleza, na mimi nikaanza kuandika, na kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyotamani anyamaze.

Mashine ya kwanza ya baba haikuwa na kikaushio ndani. Nguo zilitolewa zikiwa mbichi za perki, zikibebwa kwa mikono hadi kwenye mashine ya pili, zikidondosha njia nzima. Mashine iliyofuata ilikuwa na chombo cha kutenganisha perki na maji. Perki ilirudi kwenye tangi, na maji yakatoka, ndoo moja au mbili kwa siku. Maji hayo yalimwagwa kwenye sinki la chumba cha nyuma. "Tuliyaona ni maji tu," akasema. Ila maji yaliyolala juu ya perki hubeba perki iliyoyeyuka, na siku ambayo chombo kimezidiwa hubeba na perki yenyewe. Na muuzaji wa dawa alipoleta mzigo, mpira wake ulikuwa ukivuja mlangoni. Nikamuuliza kuhusu pale nilipochimba, palipokuwa na mashine. Akatikisa kichwa. "Pale? Pale baba yako alikuwa mkali. Tone likidondoka linafutwa."

Akanichorea ramani nyuma ya kitabu cha risiti kilichobaki tangu enzi hizo. Alama mbili za X: moja kwenye sinki, nyingine nje ya ukuta, pale bomba la majitaka linapopinda. Kumbe jambo hilo si geni. Wakaguzi wa maji wa Bonde la Kati huko California waliliandika tangu 1992: drai klina zilikuwa zikimwaga kwenye mabomba ya majitaka, na mabomba yakawa yanavuja perki kwenye maungio, kwenye nyufa, na pale yalipobonyea ikatuama. Kimsingi wenye drai klina walikuwa wakifuata utaratibu wa kazi wa wakati huo. Hilo lilinisaidia kulala. Dada halikumsaidia, yeye alisema baba angeuliza. Tuligombana juu ya marehemu kwa karibu mwaka mzima.

Kwa hiyo kabla hujalipa shimo hata moja, tafuta waliofanya kazi pale. Watafute na mafundi bomba. Uliza choo kilikuwa wapi, mlango wa mizigo ulikuwa upande gani, mashine ilihamishwa mara ngapi. Ile ramani ya kitabu cha risiti ilikuwa sahihi kuliko michoro ya ripoti ya kwanza, na haikunigharimu chochote isipokuwa alasiri moja ya aibu.

Sasa visima. Ili kujua maji ya chini yanaelekea wapi unahitaji visima vya kupimia visivyopungua 3, vilivyokaa pembetatu. Unapima maji yako kina gani katika kila kimoja, na tofauti ndiyo inayokuonyesha mteremko. Mimi niliapa kwamba yanafuata mteremko wa barabara. Yalikuwa yanakwenda upande mwingine kabisa, chini ya nyumba ya jirani. Mchimbaji mmoja alijitolea kushuka hadi chini zaidi kwa nyongeza ndogo, "tumalize kazi." Mjiolojia akakataa katakata. Tabaka la mfinyanzi ndilo lililoishikilia perki isiende kwenye maji ya kina kirefu, na ukilitoboa ovyo umeipa mlango. Jihadhari na mchimbaji anayelipwa kwa meta.

Nilikaa naye siku ya kuchukua sampuli, kwa kuwa nilitaka kuona pesa yangu inakwenda wapi. Chupa ni ndogo, za mililita 40. Alijaza moja taratibu, maji yakitiririka kwenye ukuta wa chupa yasije yakaumuka, mpaka yakavimba juu ya mdomo kama jicho. Akafunga kifuniko. Akaipindua, akaigonga kwa ukucha mara mbili, akaiinua kwenye mwanga. Palikuwa na kipovu kama punje ya mtama. Akaitupa, akaanza upya. Perki hutoroka majini kwa urahisi, akaniambia, ikipata kipovu inahamia humo, na maabara itakusomea namba ndogo kuliko iliyopo. Zikaingia kwenye sanduku la barafu pamoja na chupa moja iliyotoka maabara imeshajazwa maji safi, ambayo haifunguliwi safari nzima. Nikasema hiyo tuiache, tupunguze gharama. Akaniangalia tu. Chupa hiyo ikirudi ina perki, ujue uchafu umeingia njiani, si kisimani kwako. Baadaye ilituokoa na kichefuchefu kimoja kikubwa cha namba zisizoeleweka.

Kisima namba 3, kile karibu na kona ya bomba, kilisoma mikrogramu 2,300 kwa lita.

Nitasema haraka kuhusu jirani, maana bado inaniuma. Perki haikai kwenye maji tu. Hupanda kama mvuke kupitia udongo na kuingia ndani ya nyumba kwa nyufa za sakafu na matundu ya mabomba. Niliyajua hayo mwezi wa kwanza. Rafiki yangu mwanasheria akanishauri ninyamaze mpaka ripoti ikamilike, nami nikanyamaza miezi 4. Mama wa nyumba ya pili aliyajua alipoona watu wamevaa glavu wanatoboa njia mbele ya lango lake. Nilipokwenda kumweleza, akanisikiliza amesimama. "Kijana, ungekuja mwenyewe mwanzo, ningekusikiliza wewe. Sasa namsikiliza wakili wangu."

Na dawa yake ilikuwa rahisi kuliko vyote: tundu kwenye sakafu, bomba linalopanda hadi juu ya paa, na feni ndogo inayovuta hewa ya chini ya zege saa 24 kabla haijaingia chumbani. Haisafishi ardhi. Inawalinda watu wakati ardhi inasafishwa, na ilifungwa kwa siku 2. Ningeifunga kwake na kwetu kabla ya kitu kingine chochote. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka perki katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Ukishajua hivyo na mtoto wa jirani analala juu yake, kusubiri ripoti ni kisingizio.

Kusafisha kwenyewe kulikuwa kwa awamu. Tulichimba tena, safari hii pale penye X, kidogo na kwa utaratibu: lori linasubiri, kibali kiko mkononi, shimo linafunikwa jioni hiyohiyo. Bomba bovu likang'olewa. Kwenye mchanga ulio juu ya maji tukafunga pampu za kufyonza hewa, zikaipitisha kwenye mapipa ya mkaa maalumu unaonasa mvuke. Hilo lilikwenda vizuri, nilipenda hata kusikia mngurumo wake. Miezi ya mwanzo zilitoa perki nyingi, kisha grafu ikalala. Mkandarasi angeziacha zikinguruma hadi leo, kwa sababu alilipwa kwa mwezi. Tukazizima wiki 6, tukapima kama mvuke unarudi, tukawasha, tukazima tena.

Maji ndiyo yaliyonitoa jasho. Kampuni moja iliniuzia wazo la pamanganeti, ile dawa ya zambarau inayounguza perki inapoigusa. Kweli inaunguza. Waliiingiza ardhini kwa shinikizo, na baada ya miezi 2 kisima namba 3 kilishuka hadi 40. Tulishangilia, nikamtumia dada ujumbe saa 5 usiku. Baada ya miezi 8 kilikuwa 1,100. Wataalamu wana jina la jambo hili, mimi naliita kurudi kwa mgeni: perki iliyokuwa imejipenyeza ndani ya udongo wa mfinyanzi miaka yote hiyo hurudi polepole kwenye mchanga uliosafishwa, na wakati huo dawa imeshaisha nguvu. Nami nilikuwa nimesaini mkataba wa kulipa kwa lita zilizoingizwa, wala si kwa namba zitakazosomwa mwaka mmoja baadaye. Kipengele hicho kimoja tu kingeniokoa pesa nyingi kuliko punguzo lolote nililowahi kuomba.

Tukaingia kwa bakteria. Wapo wanaoitwa Dehalococcoides, ndio wanaojulikana zaidi kwa kuifikisha perki hadi mwisho wa safari: wanaing'oa klorini moja moja, inakuwa trikloroethilini, kisha dikloroethilini, kisha vinili kloridi, kisha ethilini, ambayo haina madhara hayo. Chakula unachowapelekea ni kama mafuta ya soya yaliyovurugwa na maji. Ila hawavumilii oksijeni, na ile pamanganeti yetu ilikuwa imeacha maji katika hali wasiyoiweza. Ikabidi tusubiri karibu mwaka. Laiti ningeuliza mapema njia ipi itafuata ipi.

Halafu ikaja ripoti ambayo nusura inifanye niache kila kitu. Perki imeshuka vizuri, lakini vinili kloridi imepanda. Hiyo IARC haisemi "inaelekea", imeithibitisha kuwa inasababisha saratani. Nilimpigia mjiolojia napiga kelele kwamba tumelipia sumu mbaya kuliko ya kwanza. Akaniacha nimalize. Akasema safari imekwama kituo cha nne kwa sababu abiria ni wengi na madereva wachache. Maji yalipopimwa, kweli bakteria walikuwa wachache mno. Wakaletwa wengine waliokuzwa maabara. Miezi 5 baadaye ethilini ikaanza kuonekana, na vinili kloridi ikaanza kurudi chini. Kama nisingekuwa na visima vingine mbele, kuelekea kwa jirani, vya kuhakikisha haijatoroka kabla ya kumalizwa, nisingelala hiyo miezi 5. Usikubali mpango wa bakteria usio na visima hivyo.

Kuhusu pesa, nitasema hivi: jumla ilimeza karibu theluthi mbili ya thamani ya jengo lenyewe. Robo ya hiyo ilikwenda kwenye kuchunguza, yaani visima, maabara, ripoti, na hakuna hata senti ya robo hiyo ninayoijutia. Rundo la udongo wa mahali pasipo, pamoja na pamanganeti iliyorudi, vilikula karibu theluthi ya jumla. Hiyo ndiyo ada yangu ya shule.

Kingine kilichoniponyoka ni karatasi. Tulipohamisha vitu vya baba tulichoma sanduku zima la mafaili, bima za zamani zikiwamo. Baadaye mwanasheria akanieleza kwamba bima za miaka ya nyuma sana mara nyingine huwa hazijaweka kile kipengele kinachosema uchafuzi haulipiwi, na kuna warithi waliolipiwa kazi nzima kwa karatasi iliyosahaulika kabatini. Nchini Marekani, majimbo kama Florida na Texas yaliunda hata mifuko maalumu ya kusafisha drai klina za zamani. Uliza kama kwenu upo kabla ya kuanza kazi, maana mifuko mingine haikurudishii ulichotumia bila idhini yake. Kwetu haukuwapo, na sanduku lilikuwa majivu.

Mama jirani alifuta kesi mwaka wa nne, baada ya mimi kuanza kumpelekea matokeo ya kila robo mwaka siku ileile ninayoyapata, mabaya kwa mazuri. Hatujawa marafiki. Huwa anauliza kuhusu kisima namba 3 kwa namba yake, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

Mwezi uliopita akaja mtu anayetaka kununua. Kabla hajaona hata chumba kimoja nilimpa faili, na juu kabisa iko nakala ya ramani ya kitabu cha risiti. Alisoma kwa muda mrefu akiwa amesimama uani, kisha akaomba kukiona kisima chenyewe. Nikafungua kifuniko. Kipimo cha mwisho kilikuwa 9. Akainama, akavuta pumzi, akasema hasikii kitu. Nikamwambia hata ingekuwa mara 10 ya hiyo asingesikia, nikafunika, tukarudi mezani kwenye karatasi.